Seli inayojua saa ya Kiswahili

Hotuba kwa wanafunzi na vijana wanaoandika programu, Moshi

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Najua wapo kati yenu walioondoka Arusha kungali na giza, kilometa 80 hivi za barabara, ili wawahi hapa saa tatu. Asanteni kwa kuja.

Tuliambiana saa tatu, na wote mmefika saa tatu. Hakuna aliyeamka saa tisa usiku akaja kukuta mlango umefungwa. Lakini iandikie kompyuta 3:00 na hiyo saa tisa ya usiku ndiyo itakayoielewa. Leo nataka tuzungumze juu ya pengo hilo la saa sita, na juu ya mahali pa kuliziba. Mahali penyewe ni padogo mno: ni kisanduku kimoja ndani ya jedwali, kile kinachofunguka mtu anapotaka kuandika na kufungika anapomaliza. Tukiite kihariri cha seli.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ya mezani kwa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huko juu kwenye miteremko. Niliiweka kwenye laptopu kwa makusudi, si kwenye intaneti, kwa sababu umeme ukikatika na mtandao ukipotea mizani haisimami. Wakulima wako kwenye foleni na mizigo kichwani. Karani anafungua jedwali: namba ya mwanachama, jina, kilo za kahawa mbivu, tangi, tarehe ya zamu, na saa ambayo kahawa iliyomenywa imeingia tangini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Kwa asiyetoka kwenye kahawa: tunda likishamenywa, punje inabaki na utelezi. Inalazwa tangini mpaka utelezi ulegee, kisha inaoshwa na kuanikwa. Ikilazwa kidogo utelezi hauachii, ikilazwa kupita kiasi inachacha na kunuka, na bei inaanguka nayo. Muda unategemea baridi ya mahali, kwa hiyo saa ya kuingia tangini si pambo la daftari. Programu yangu iliichukua saa hiyo, ikahesabu, ikasema tangi hili limefikia muda, likaguliwe.

Safu ile niliipa kihariri cha kawaida cha maandishi, nikaandika juu yake mfano wa saa 24. Nikaona nimemaliza.

Jumanne moja kahawa iliingia tangini saa mbili usiku. Karani, mama mmoja aliyefanya kazi ile tangu mimi niko shule ya msingi, akaandika 2:00. Kesho yake saa mbili asubuhi programu ikatangaza kwamba tangi lile lina saa 30. Kweli lilikuwa na saa 12 tu. Vijana wa kuosha wakafungua maji. Aliyeokoa kahawa ile ni mzee wa kwenye matangi. Aliingiza mkono, akasugua punje viganjani, akasema bado zinateleza, funga maji. Punje iliyo tayari inakwaruza kama changarawe, na mkono wake uliijua kuliko skrini yangu.

Nilipopanda kwenda kuangalia, mama karani hakunilaumu. Aliniuliza: “Mwanangu, hii mashine yako mbona haijaniuliza kama ni saa mbili ya usiku au ya asubuhi?” Sikuwa na jibu. Hata mtoto anayetumwa dukani huulizwa hivyo, na mimi niliandika kitu kisichouliza.

Tena ubaya haukuishia kwenye tangi moja. Nilipofungua kumbukumbu za wiki nne nilikuta makarani wengine walikuwa wakigeuza kichwani na kuandika 20:00, wengine waliandika kama wanavyosema, na mmoja alifanya yote mawili kutegemea amechoka kiasi gani. Sasa niambieni, 7:00 iliyoandikwa na karani huyo ni saa moja asubuhi au saa saba mchana? Hakuna kanuni ya kuirudisha. Taarifa ikiingia bila kipindi chake imeingia imekufa, na ndiyo maana nasema pengo linazibwa pale pale seli inapoandikwa.

Wengi mngefanya nini? Mngeweka tangazo kubwa jekundu: andika kwa saa 24. Nilifikiri hivyo pia kwa nusu siku. Lakini saa yetu haina kosa lolote. Hapa tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Jua linachomoza na kuzama karibu muda ule ule mwaka mzima, na kuanza kuhesabu mchana unapoanza ni hesabu yenye akili. Mama karani akiwa na mkulima mbele yake anayesema “saa mbili usiku”, kwa nini yeye ndiye awe mkalimani wa mashine, mara 60 kwa zamu moja? Ukalimani ni kazi yetu sisi tunaoandika programu. Jedwali chini libaki na umbo moja safi: mwaka, mwezi, siku, saa 24. Juu karani aandike kwa lugha yake. Anayesimama katikati ni kihariri.

Nilitumia Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja na wxPython, zana ya kujengea madirisha na majedwali ya skrini, iliyojengwa juu ya wxWidgets, maktaba ya msimbo ulio tayari aliyoianzisha Julian Smart mwaka 1992 akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wenye kutumia zana nyingine za namna hiyo, kama Qt au Swing ya Java, msitoke nje. Majina yanatofautiana, maisha ya kihariri ni yale yale.

Kitu cha kwanza cha kuelewa, na wengi hawakielewi mpaka kiwaumize, ni kwamba gridi, yaani jedwali lile la kwenye skrini, haina kisanduku cha kuandikia katika kila seli. Jedwali la safu nne na mistari elfu mbili lingekuwa na visanduku elfu nane. Unachokiona ni picha tu, iliyochorwa na kichoraji. Kihariri ni kimoja tu kwa kila aina ya seli. Ni kama mgeni anayezunguka nyumba zote za kijiji: akiingia nyumba hii anakaa kwenye kiti kilichopo, akitoka anahamia ya pili. Kwa hiyo asibebe chochote cha nyumba aliyotoka. Mimi nilihifadhi saa ya awali ndani ya kihariri nikasahau kuifuta; karani alifungua seli ya mstari wa tisa, akabonyeza Escape, ikarudi saa ya mstari wa nane. Kila metodi ya kuanza, yaani kipande cha programu kinachofungua kihariri, inapoitwa, chukua upya kila kitu kutoka kwenye jedwali, kana kwamba hukuwahi kuishi kabla.

Metodi yenyewe inaitwa BeginEdit. Inapewa mstari na safu. Hapo unasoma thamani, unaigeuza kuwa maneno ya karani, unaijaza kisandukuni na kukikabidhi kisanduku kibodi, yaani kila herufi itakayobonyezwa iende humo. Kabla yake ipo Create, inayounda kisanduku mara moja, na SetSize, inayokiweka sawasawa juu ya seli. Hizo mbili ni nyepesi, sitawachelewesha.

Inayotaka utulivu ni StartingKey. Karani mzoefu habonyezi mara mbili kwa mausi kufungua seli. Anashuka kwa mshale na kuanza kuandika. Herufi ile ya kwanza ndiyo inayofungua kihariri, na usipoipokea na kuiweka mwenyewe kisandukuni, inapotea. Mtu ameandika 12, seli imepata 2. Kwenye safu ya kilo ameandika 48, imepata 8. Hakuna kengele inayolia, na 8 ni namba halali kabisa. Mkulima ameshuka mlima na kilo 48 mgongoni, programu imempa 8. Na ukiipokea halafu ukaliachia tukio lile la kubonyeza liendelee na safari yake, unaweza kupata herufi mbili mahali pa moja. Kwa hiyo kihariri chochote mtakachoandika, jaribio la kwanza liwe hili: chagua seli, usiguse mausi, andika tarakimu mbili kwa haraka, soma kilichobaki.

Kufunga kuna hatua mbili, na si bahati mbaya kwamba ni mbili. Ya kwanza ni EndEdit. Inauliza: kuna kilichobadilika? Kama hakuna unarudisha None, yaani “hakuna kitu”, kama kipo unarudisha thamani mpya, lakini huiandiki. Katikati gridi inatangaza kwamba seli iko karibu kubadilika, na sehemu nyingine ya programu ina haki ya kukataa. Isipokataa, inaitwa ApplyEdit, na hapo ndipo unaandika kwenye jedwali. Anayeandika kwenye jedwali ndani ya EndEdit amemnyang'anya mwenzake haki ya kukataa. Escape ina njia yake, Reset, inayorudisha ya zamani.

Sasa, karani akiandika kitu ambacho kihariri hakikielewi? Tuseme ameandika “2” bila kipindi. Mnaona jinsi ilivyo rahisi kurudisha None: gridi itafunga na kubaki na ya zamani. Mimi nakataa kabisa. Mtu ameandika, ameangalia pembeni kumjibu mkulima, amerudi kakuta maneno yake hayapo, na hakuna aliyemwambia. Kufungua dirisha la onyo ndani ya EndEdit nako ni kujitafutia mkosi, maana dirisha lile linanyakua kibodi, gridi inadhani mtu ameondoka, inaita kufunga tena wakati ufungaji wa kwanza haujaisha. Wenye Swing mna nafuu hapa, kwa kuwa stopCellEditing inaweza kurudisha jibu la hapana na kihariri kikabaki wazi. Kwenye wx niliamua hivi: maneno yake yanahifadhiwa yalivyo, kichoraji kinaipaka seli nyekundu, na hesabu ya tangi inaruka mstari ule mpaka utakapotimizwa. Kilichoandikwa na mtu hakitupwi.

Turudi kwenye saa yenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipokaa siku nyingi kuliko penginepo.

Kanuni ya msingi ni fupi. Namba 12 ihesabu kuwa 0. Saa ya mchana ongeza 6, saa ya usiku ongeza 18. Saa mbili asubuhi ni 8:00, saa mbili usiku ni 20:00. Ni vizuri. Kisha inakuja jioni. Saa kumi na moja jioni ni 17:00, kwa hiyo bado iko upande wa mchana, umeongeza 6. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00, na hapo 12 ni 0 uliyoongezea 18. Neno ni lile lile, limekaa juu ya mpaka, mguu mmoja huku, mwingine kule. Alfajiri ni hivyo hivyo: ya saa kumi na moja ni ya usiku, ya saa kumi na mbili ni ya mchana. Kwa hiyo kipindi peke yake hakitoshi kuamua, lazima ukisome pamoja na namba. Nilikuwa nimeandika jedwali la vipindi vitano na kuona nimewaweza. Mama karani aliliangusha kwa swali moja la saa kumi na mbili jioni.

Halafu dakika. Na robo na na nusu ni nyongeza, hazina shida. Kasorobo ni upungufu, na upungufu una wakati wake. Saa sita kasorobo usiku ni 23:45. Ukigeuza saa sita usiku kuwa 0:00 ya kesho kisha ukapunguza robo bila kuangalia tarehe, umepata dakika hasi, au umepata 23:45 ya siku isiyo yake. Dawa niliyoiona ni kutoivunja 24 mapema. Saa sita usiku acha iwe 24, saa nane usiku acha iwe 26, toa au ongeza dakika, na mwishoni kabisa ndipo uangalie: ikifika 24 au kupita, punguza 24 na usogeze tarehe siku moja mbele.

Tarehe hiyo nayo ina maneno. Mstari wa jedwali una tarehe ya zamu, tuseme Jumanne. Tangi limejazwa saa nane usiku. Kwenye kalenda ya kompyuta ni Jumatano saa 2:00. Karani kwake ni usiku ule ule aliouanza, na akisimulia vizuri atasema usiku wa kuamkia Jumatano. Napenda sana neno hilo, kuamkia. Linabeba siku mbili kwa wakati mmoja bila kuzichanganya, jambo ambalo safu ya tarehe haiwezi. Tulikubaliana pale kwamba siku ya kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha alfajiri inayofuata, na kihariri, kwa kuwa BeginEdit yake inapewa mstari, kinasoma tarehe ya zamu kutoka seli ya jirani. Karani anapoandika, mstari ulio chini ya dirisha unamwonyesha papo hapo alivyoeleweka: usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane kamili. Ameona, amebonyeza Enter.

Mstari huo wa chini si ubunifu mpya. Kwenye VisiCalc, jedwali la Dan Bricklin na Bob Frankston lililotoka mwaka 1979, uliandika kwenye mstari ulioko juu ya skrini na siyo ndani ya seli. Tumepata raha ya kuandika ndani ya seli, lakini seli ni nyembamba, na mtu anahitaji nafasi ya kuona ameeleweka vipi.

Mtaniuliza kwa nini sikuweka kisanduku cha namba na pembeni orodha ya kuchagua asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Niliweka. Kilipendeza. Tatizo ni kwamba karani akitoka kwenye namba kwenda kwenye orodha, kibodi imehama, na gridi ikiona kibodi imehama kutoka kwenye kihariri inahitimisha kwamba kazi imeisha, inafunga. Orodha inatoweka kabla hajachagua. Yapo mazunguko ya kulipita hilo na niliyaandika, kurasa kadhaa, kisha nikamtazama mama yule akifanya kazi. Mkono wake wa kushoto unashika kadi ya mwanachama. Anaandika kwa mkono mmoja. Orodha ingempunguzia nini?

Nikamwomba daftari lake la zamani. Lote liliandikwa kwa kalamu, na safu ya saa ilikuwa hivi: 2 usk, 11 jn, 7 mch, 12½ asb. Vifupisho vyote vilikuwepo miaka mingi kabla ya programu yangu. Mimi nilikuwa nimewazia herufi moja moja, nikasahau kwamba asubuhi, alasiri na alfajiri zote zinaanza na a. Yeye alishaitatua kwa asb, als na alf. Nikafuta kurasa zile zote na kihariri kikawa kisanduku kimoja cha maandishi kinachosoma daftari la mama karani. Kukisajili ni mstari mmoja: RegisterDataType, aina mpya ya data niliyoiita saa, na kichoraji chake na kihariri chake, kisha jedwali linajibu kwamba safu ya saa ni ya aina hiyo. Hakuna haja ya kupitia seli moja moja. Na kichoraji kionyeshe maneno yale yale ambayo kihariri kinapokea, ili mtu akifungua seli asikute lugha nyingine ndani.

Limebaki jambo moja, na hili nawaomba mlichukue kwa uzito hata kama saa ya Kiswahili haitawahusu. Jioni karani anaandika mkulima wa mwisho. Kilo 31. Habonyezi Enter, kwa sababu hakuna mstari mwingine wa kwenda. Anapeleka mausi kwenye kitufe cha kuhifadhi kilichoko juu, anabonyeza, anafunga laptopu, anaenda nyumbani. Kitufe cha upau wa juu mara nyingi hakichukui kibodi, kwa hiyo kihariri bado kiko wazi, na kilo 31 ziko kisandukuni, si kwenye jedwali. Faili limehifadhiwa bila mkulima yule. Na angalieni ni nani anayepotea: kila siku ni wa mwisho kwenye foleni, ambaye mara nyingi ndiye anayekaa mbali kuliko wote. Kwenye wx, kabla ya kuhifadhi chochote, ita DisableCellEditControl kwenye gridi. Itahifadhi kilichomo na kufunga kihariri. Kwenye JTable, jedwali la Swing, weka sifa inayoitwa terminateEditOnFocusLost, na bado kabla ya kuhifadhi hakikisha mwenyewe kwamba uhariri umefungwa. Kwenye Qt kihariri cha kawaida huandika kibodi inapoondoka, lakini kitufe kisichochukua kibodi kinakurudisha kwenye tatizo lile lile.

Msimbo wote niliouzungumzia uko kwenye laptopu zilizo mbele. Kaeni wawili wawili, mmoja aandike, mwingine ashike kadi kama mkulima. Tarehe ya zamu ni Jumanne. Anzeni na 12 jn, muone inaangukia upande gani, kisha 8 usk, kisha saa sita kasorobo usiku, na muutazame mstari wa chini unavyotoka kuamkia Jumatano na kurudi Jumanne.